Nzuri, Ila Jicho

Sisi tukiulizwa habari, jibu ni nzuri. Upepo umeng'oa bati, mtoto ana homa, mwajiri amefunga kiwanda bila kuaga mtu, habari ni nzuri. Unaulizwa za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Za tangu juzi, nzuri sana. Ukishazitandaza hizo nzuri zote kama mkeka, ndipo unamkalisha mwenzako juu yake na kumwambia taratibu, "Ila mzee tumemzika jana." Wala hashangai. Kila mtu anajua habari yenyewe inaanzia kwenye ila, na aliyeuliza hukaa kuisubiri.

Hospitali yetu haisubiri. Na mimi niliyepiga deki sakafu zake miaka kumi na moja nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kiingereza changu nilikisoma ukutani humo humo. Usikimbie. Nawa mikono. Malalamiko yote yaandikwe kwenye fomu ya rangi ya waridi. Fomu hiyo niliijaza mara nyingi mpaka nikajua kuandika wakati uliopita, wakati uliopo, na ule wakati usiofika, yaani wa kujibiwa. Manesi walinibandika jina la Kamati, kwa sababu ya ile asubuhi tuliyokaa chini kwenye korido, wafagizi wote ishirini na sita, tukidai glavu zisizotoboka. Glavu tulipata. Baada ya miezi miwili wakatangaza kwamba wanapunguza wafagizi. Tulikuwa ishirini na sita, akapunguzwa mmoja.

Sasa napiga pasi kwa dobi, na nyuma ya duka, katika chumba cha pasi, nafundisha watu wazima Kiingereza cha hospitali. Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana, mashine zikiwa zimezimwa. Hospitali yetu inaongea Kiingereza peke yake. Mkalimani wa lugha yetu yupo, hilo wanajisifia mpaka kwenye mabango. Anakuja Jumatano. Kumpata ni rahisi sana: unamwomba kwa simu, kwa Kiingereza.

Wanafunzi wangu walikuwa tisa. Wa kwanza kujiandikisha ni Shemeji, mdogo wake mume wangu, ambaye huendesha gari la dobi na kupeleka mashuka hotelini. Alikuja darasani baada ya kuambiwa na hospitali afike saa tisa alasiri. Kiingereza kinaiita saa hiyo ya tatu, basi yeye akaenda saa tatu asubuhi, akaketi kwenye benchi saa sita nzima, na daktari akampongeza kwa kuwahi. Wa pili ni Mpishi, bwana mnene wa jiko la shule, mpole, asiyeweza kumwambia mtu hapana hata kwa lugha yake mwenyewe. Na Fundi.

Fundi ni mama wa miaka hamsini na nane, anashona suruali na mapazia mtaa wa pili kutoka kwetu. Ananiita mwanangu, ingawa tumepishana miaka minane tu. Jicho lake la kushoto linaona ukungu tangu utotoni. La kulia ndilo linalotunga uzi, linalofuata mshono, linalolipa kodi ya chumba. Hakuna la akiba.

Chumba cha pasi kina kidirisha kinachotazama kaunta, ambacho tunapitishia nguo. Hicho ndicho kilichokuwa dirisha letu la mapokezi. Mimi nilikaa ndani nimekunja uso, mwanafunzi akasimama nje na kujieleza. Tulijifunza kutaja viungo. Tulijifunza kusema tangu lini. Tulijifunza kusema, "Sijaelewa, rudia," bila kuomba radhi, na kukataa kutia sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Mpishi kwenye hilo la kukataa alifeli mara tano. Nilimwekea hata risiti ya kuku mbele yake, akatia sahihi.

Alhamisi moja Fundi akaingia amechelewa, ameshika bahasha juu kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimepiga simu mwenyewe!" akasema mlangoni. "Kliniki ya macho! Mwenyewe, peke yangu, wala sikumwita mtoto wa jirani anisemee!"

Chumba kizima kikapiga makofi. Shemeji akapiga mluzi. Mpishi akasimama kabisa, akamsalimia kwa mikono miwili kama mgeni rasmi.

"Na wamekujibu?" nikauliza.

"Barua hii hapa. Imefika leo. Wamenipa siku yangu, jina langu wamelipatia, kila kitu."

Nikaisoma. Karatasi nzuri, nembo nzuri, na siku yake ilikuwa baada ya wiki kumi na nne. Nikafikiri ni ukaguzi wa kawaida wa miwani, na kusema kweli nikavimba kichwa kidogo. Mwanafunzi wangu amepiga simu! Ndipo nilipomwona akitafuta kiti. Mkono ulikipita kiti kwa shubiri nzima, ukarudi, ukakipapasa. Na shingo alikuwa ameiinamisha upande, kama kuku anayekagua punje.

"Fundi, habari ya jicho lenyewe?"

"Nzuri tu, mwanangu." Akaketi, akanyoosha gauni magotini. "Ila limeshuka pazia."

"Pazia gani?"

"Jeusi. Linaanzia hapa puani linakuja katikati. Mwanzoni vilikuwa vimulimuli tu, na vitu kama vipande vya uzi vinaelea. Siku nne za vimulimuli. Jana nilipoamka, pazia. Leo limesogea." Akatutazama, akaona nyuso zetu, akaongeza haraka kututoa wasiwasi, "Wala haliumi!"

Niliwahi kupiga deki wodi ya macho, ghorofa ya pili, miaka mitatu. Mfagizi haonekani, kwa hiyo husikia yote. Namkumbuka karani wa posta mwenye viatu vya kahawia, aliyeingia siku ya Ijumaa na pazia la siku tisa. Haliumi, alisema naye, nilidhani litaondoka. Daktari alimweleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, na utando wake umebanduka ukutani kama karatasi ya ukuta iliyoingia maji. Ungekuja lilipoanza, daktari akamwambia, tungeurudisha ukutani. Yule bwana akatazama viatu vyake. Nilikuwa nimesimama na ndoo mita mbili kutoka kwake, na mpaka leo nikiona viatu vya kahawia namtafuta aliyevivaa usoni.

Nikaliambia darasa yote hayo.

"Kwa hiyo wiki kumi na nne..." Fundi akaanza.

"Wiki kumi na nne utakuwa unashona kwa kupapasa. Hili ni jambo la leo."

Akaishusha bahasha mapajani. Alikuwa mtu wa kuhesabu sentimita, na nadhani alikuwa akihesabu pazia limesogea kiasi gani toka jana.

"Tuambie ulivyosema nao," nikamwambia. "Neno kwa neno. Nitajua nani wa kumshika koo."

"Aliuliza naendeleaje leo. Nikamwambia, 'Faini, thenki yu.'"

"Sawa. Halafu?"

"Akauliza jicho linanisumbua sana? Nikasema kidogo tu. Mtu hujamjua, utaanzaje kumlilia? Akauliza kama linauma, nikasema haliumi. Akauliza kama ni dharura."

"Ukasema?"

"Nikasema hapana, hapana, asijisumbue."

"Fundi!"

"Nilikuwa nakuja kwenye ila, mwanangu! Nilikuwa naivuta pumzi niiseme. Nikasikia asante, siku njema, simu ikakatwa."

Hapo nikawaka. Nilisema nitawaandikia. Nilisema nitakusanya mtaa mzima tukakae chini kwenye korido ile ile, nitaita magazeti, nitawakumbusha karani wa posta kwa tarehe. Mwanamke amepiga simu na jicho linazimika, na mtu aliyelipwa kupokea simu amemtakia siku njema! Nilikuwa nimeshika pasi mkononi, nadhani niliipunga.

"Shemeji, iweke chini hiyo," Shemeji akasema. "Utaunguza mapinduzi kabla hayajaanza."

Wakati naiweka, Mpishi akainua kidole. Mpishi huinua kidole hata akitaka kupiga chafya.

"Lakini Mwalimu, samahani," akasema kwa sauti ya mtu anayerudisha chenji iliyozidi. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Nilivyowafundisha nini?"

Akaelekeza kidole ukutani. Juu ya rafu ya sabuni nilikuwa nimebandika karatasi kubwa, kwa mwandiko wangu mimi, kwa kalamu nyekundu. Somo la Kwanza. Swali: U hali gani? Jibu: Faini, thenki yu, na wewe? Kila kipindi tulifungua kwa hilo, watu tisa kwa sauti moja, wiki kumi na mbili mfululizo. Niliwapigia meza mpaka wakalisema wakiwa wamelala. Walipolisema kwa uzito wa ulimi niliwarudisha mwanzo. Fundi ndiye aliyekuwa bora wao. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa jinsi alivyolitoa bila kusita.

"Mimi niliona jibu ni moja," Mpishi akasema. "Nikajua hata ukikatwa mkono."

Ninakumbuka majina ya watu waliosaini barua ya kunifukuza, na nafasi walizokaa mezani. Sikuwahi kufikiri kwamba jina langu linaweza kuingia upande ule wa orodha. Nilikaa juu ya kapu la mashuka.

"Ningekuwa mimi kwenye simu, ningesema huwa nalipa faini, siwi faini," Shemeji akasema, akijaribu kuniokoa. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Fundi ndiye aliyenyanyuka. Akaja kwa kupapasa ukingo wa meza, akanishika bega. "Usijilaumu, mwanangu. Hata kwa lugha yetu ningesema nzuri. Sasa nifundishe lingine. Saa ngapi wanafunga?"

"Dirisha la macho linafungwa saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikaichana karatasi ukutani pamoja na kipande cha plasta.

"Somo jipya," nikasema. "Ubaya kwanza. Salamu baadaye."

Kumbe hilo ndilo gumu. Maneno aliyajua: jicho, kulia, pazia, tangu jana. Aliyapanga vizuri kabisa akiwa ananisemea mimi. Lakini Shemeji alipoingia nyuma ya kidirisha, akakunja uso na kuuliza kwa Kiingereza, "U hali gani leo?", Fundi alitabasamu kwa adabu na kusema, "Faini, thenki yu."

"Umekufa," Shemeji akasema. "Anayefuata!"

"Nirudie."

"U hali gani leo?"

"Faini... Ah!"

"Umekufa tena. Fundi, unakufa kwa tabasamu zuri sana."

"Lakini ni jeuri!" Fundi akalia. "Mtu anakuuliza hali, unamrushia jicho usoni hata hajasema karibu?"

"Hakuulizi hali," nikamwambia. "Anakuuliza kazi. Wewe mteja akiingia na suruali iliyochanika katikati, ukamuuliza nikusaidie nini, akikwambia suruali nzima, asante, utashona nini?"

Akafikiri. "Nitamwambia aende zake, nina kazi."

"Basi."

Tukampanga kila mtu kwenye foleni ili asijione peke yake kuwa mjeuri. Mwosha magari akafika dirishani akaulizwa hali, akajibu kwa Kiingereza kwamba mgongo wake umevunjika vipande vitatu. Muuza vitabu akasema tumbo linamwendesha tangu Jumapili. Kicheko kikapanda. Mpishi alipofika alifunga macho, akakusanya ujasiri wote, akasema kwa sauti kubwa, "Vibaya! Samahani!" Tukamshangilia, maana kwake hilo lilikuwa sawa na kupindua serikali. Zamu ya Fundi ilipofika, mara ya saba, alisema ubaya kwanza. Mara ya nane pia. Mara ya tisa akarudi kwenye faini. Saa tisa na dakika ishirini ikatukuta hapo, na Shemeji akachukua funguo za gari.

Tulikaa mbele watatu, mashuka ya hoteli nyuma. Njiani Fundi alikuwa akinong'ona. Pazia. Jicho la kulia. Tangu jana. Mimi nilikuwa nimenyamaza, jambo lililomtia Shemeji hofu akawa ananichungulia kila taa nyekundu.

"Shemeji, tafadhali," akasema tulipofika getini. "Leo usianzishe kitu."

"Sianzishi kitu."

Nilianzisha. Nieleze tu kwamba binti wa dirishani alikuwa yule yule aliyekuwepo enzi zangu, sasa ana miwani. Aliponiona akaacha kuchapa. "Kamati," akasema kwa Kiingereza. Sikumbuki nilivyofika kwenye kioo, ila nilikuwa tayari nimeinua barua juu, nikimwambia kuhusu wiki kumi na nne, na siku njema, na glavu, na karani wa posta. Kiingereza changu kikiwa na hasira hukimbia kuliko mimi. Watu kwenye mabenchi wakageuka. Binti yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua fomu ya rangi ya waridi na kuipenyeza chini ya kioo.

"Barua inasema wiki kumi na nne," akasema. "Malalamiko ni hapa. Wewe ni mgonjwa?"

"Mimi ni mwalimu wake."

"Anayezungumza ni mgonjwa. Msindikizaji akae."

"Nimekwambia jicho lake..."

"Akae, tafadhali." Mlinzi akainuka kwenye kiti chake pale mlangoni, bila haraka.

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na moja kabla ya kumi. Nilijua vizuri mchezo huu. Nikibishana dakika kumi na moja nitashinda mabishano, na dirisha litashushwa. Nikakaa. Wale wenzangu ishirini na watano wa korido wakisimuliwa hawataamini, lakini niliambiwa nikae, nikakaa, na fomu ya waridi mkononi.

Fundi akasogea. Alikuwa mfupi kuliko kaunta, ikabidi ashike ukingo na kujivuta. Binti akaweka upya mikono kwenye kibodi, akatazama mashine yake, akasema ile sauti yao ya kila siku:

"Habari ya mchana, u hali gani leo?"

Nilikuwa nimekaa upande, namwona Fundi usoni. Nikaona meno yake ya juu yakigusa mdomo wa chini, pale pale faini inapoanzia. Miaka hamsini na nane ya adabu ilikuwa inamsukuma mgongoni, na wiki zangu kumi na mbili juu yake.

Akafunga mdomo. Akaufungua upya.

"Vibaya," akasema kwa Kiingereza. "Jicho langu la kulia. Siku nne, taa, taa, taa. Tangu jana, pazia jeusi." Akainua kiganja, akakipitisha mbele ya jicho polepole kutoka puani kuja nje, akakisimamisha katikati. "Jana hapa. Leo hapa." Kisha akasema jambo ambalo sikumfundisha. "Jicho lingine halifanyi kazi. Hili ndilo linaloshona."

Vidole vya binti vikatulia. Akamtazama Fundi kwa mara ya kwanza, kisha akatazama mashine.

"Hapa wameandika hana shida. Wameandika mgonjwa amesema si dharura."

"Nilikosea," Fundi akasema. "Ni dharura."

Nataka kuwa mkweli kwa yule binti, kwa sababu nina kumbukumbu nyingi naye na hii nayo ihesabiwe. Hakubisha. Aliuliza maswali matatu, yote ya maana, akanyanyua simu, akasema maneno ambayo niliyajua tangu enzi za ndoo: utando, jicho pekee, sasa hivi. Akakata. "Daktari anashuka. Usile kitu, usinywe kitu. Kaa hapo karibu nikuone."

"Asante," Fundi akasema. Hakuondoka. Kwake mambo hayakuwa yameisha. "Na wewe, binti, u hali gani?"

"Nzuri, asante," binti akajibu.

Fundi akaendelea kusimama pale, ameshika ukingo wa kaunta, kichwa upande. Anasubiri. Binti akachapa neno moja, akainua macho, akamkuta bado yupo, uso umefunguka kabisa, hana haraka. Mlinzi alikohoa.

"Tulikuwa watano," binti akasema hatimaye, chini chini. "Sasa tuko wawili. Simu mia na themanini kwa siku. Na orodha ya maswali wameileta watu wa semina, tukiruka lile la hali tunakatwa alama." Akavua miwani, akaifuta. "Sijala tangu asubuhi."

"Pole, mama," Fundi akamwambia kwa lugha yetu, na ilifika bila mkalimani.

Mimi nikaigeuza ile fomu ya waridi, nikamwomba Shemeji kalamu. Watano hadi wawili. Mia na themanini. Hayo nilikuwa siyajui.

Walimfanyia upasuaji asubuhi iliyofuata. Daktari, kijana mrefu mwenye usingizi machoni, alitueleza kwamba pazia lilibakiza upana wa unywele kufika katikati. Akaziba tundu, akajaza jicho hewa maalumu ya kuushikilia utando, akaamuru Fundi alale kifudifudi juma zima, uso chini, mchana na usiku, isipokuwa kula na msalani.

Darasa likahamia kwake. Chumba chake ni kitanda, cherehani na vitambaa hadi dari, watu tisa hatuenei tukiwa wima. Tulikaa sakafuni tukizunguka kitanda, kwa sababu akiwa ananing'iniza uso ukingoni ndipo mahali pekee alipoweza kutuona, tena kwa ukungu, na miguu yetu zaidi kuliko nyuso. Mpishi alimletea supu na mrija. Shemeji alilala chali chini ya uso wake kumwigizia daktari, mpaka tone la supu likamwangukia puani. Nesi alimpigia simu kila asubuhi kumuuliza hali, na kila asubuhi alimpa: shingo, mgongo, jicho linalia, Mpishi kazidisha chumvi. Siku ya nne nesi alimwambia kwamba yeye ndiye mgonjwa pekee anayemwachia cha kuandika.

Nami niliandika. Somo la Kwanza jipya, kwa kalamu ile ile nyekundu. Na barua kwa wakubwa wa hospitali, kwamba wanaopiga simu wakiulizwa kwanza "Una tatizo gani?" badala ya hali, watajibu tatizo, na kwamba wapokeaji wawili hawawezi kufanya kazi ya watano. Tulipata sahihi hamsini na moja. Ya mwisho ni ya mtu wa dirishani mwenye miwani, aliyeitia akiwa amesimama kwetu kaunta na makoti mawili ya kufua. Hawajajibu. Nina tarehe niliyoipeleka, saa, na jina la aliyeipokea.

Wiki ya nane tulirudi kwa ukaguzi wa mwisho. Hewa ilikuwa imekwisha jichoni. Fundi aliniruhusu niingie kwa sharti la kukaa kwenye kiti cha mlangoni na kutosema neno, na daktari akasema sharti hilo analiunga mkono.

Alimziba jicho la kushoto. Akavuta kiti chake, akaketi mbele yake, magoti karibu kugusana.

"U hali gani leo?"

"Kuna ubaya mmoja," Fundi akasema kwa Kiingereza, tayari kabisa, mikono mapajani. "Mstari ulionyooka, huku chini naona umepinda kidogo. Kama pindo lililovutwa na uzi."

Daktari akaandika. Akamweleza kwamba huenda upindaji huo ukapungua, huenda ukabaki, na amefanya vyema kuutaja maana wataufuatilia. Nilishika kiti nisiulize "huenda" ni asilimia ngapi.

"Na mbali na hapo?" akasema, akielekeza ukutani kwenye bango la herufi. "Niambie unachoona."

Fundi hakutazama bango. Alikuwa ameinama mbele, jicho la kulia wazi, pana, halipepesi, limesimama juu ya koti jeupe la daktari kati ya kifua na tumbo. Akaanza kusogeza kidole hewani, chini, chini, chini tena.

"Vifungo vitano," akasema. "Vinne vimeshonwa kwa uzi mweupe. Hiki cha nne kimeshonwa kwa uzi wa rangi ya maziwa, na aliyekishona hakufunga fundo. Kesho kitaanguka."

Daktari akaiweka kalamu, akainamisha kidevu, akakishika kifungo chake na kukivuta kidogo.